Namba Sitini na Moja Karudi Safi

Nilikuwa Buffalo kwa mkutano wa walimu wa lugha, ile mikutano ambayo watu wazima hubishana siku mbili kuhusu kiambishi kimoja, kisha hupiga picha ya pamoja. Siku ya pili nilitoroka, nikaingia duka moja la Mtaa wa Grant kutafuta dagaa. Dagaa nilipata, ila kabla ya dagaa nilipata harufu. Sabuni ya mche, ile ya kahawia, ilikuwa imepangwa kwenye rafu kama matofali, na juu yake televisheni ilionyesha mpira wa Kimarekani. Nikachukua mche mmoja, nikafumba macho, nikaunusa kama mtu anayechagua marashi.

"Mama, ile ni savon ya kufula," akasema mwenye duka, mama wa Kikongo aliyefunga kitenge juu ya koti la baridi. "Haiko ya kuoga. Itakukwangula ngozi."

"Najua, dada. Nilikuwa naisalimia tu."

Akanitazama kwa huruma wanayostahili wagonjwa, kisha akatazama televisheni. "Bon. Wewe unaonekana ulisoma. Uniambie: ule mwalimu mukubwa ya mupira, anafanyaka kazi gani? Hakimbiake, hapigake mupira, iko tu anasimama na vitu kwa masikio. Na huyu mutoto yangu anasema njo mwenye akili kupita wote."

Mwanawe, aliyekuwa kwenye kaunta, alijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba kocha ndiye anayeshinda mechi.

"Anashinda na nini?" mama akauliza. "Na masikio?"

Nilicheka, nikalipa dagaa na miche mitatu ya sabuni, nikaondoka bila kujibu. Njia nzima ya kurudi Columbus gari lilinuka nguo zinazolowekwa, na njia nzima nilikuwa nikimjibu. Ndiyo, dada. Na masikio.

Sina sifa za kuzungumzia mchezo huu. Ninaishi Clintonville, mtaa wa hapa Columbus, ambako Jumamosi za vuli majirani hutundika bendera na kulia hadharani, na hadi leo sielewi kwa nini mchezo husimama kila watu wakianza kukimbia. Nina shahada mbili na miwani mitatu, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia. Nasikia wachambuzi wa redioni wakitaja yanayomfanya kocha wa chuo awe mwerevu na afanikiwe: nidhamu, maono, kuchora mbinu, kuvutia vijana wenye vipaji. Huenda ni kweli. Lakini juu ya akili ya kocha mkuu wa mpira wa chuo sina shaka hata chembe, kwa sababu nilipokuwa na miaka tisa nilimdanganya mmoja, nikaona alichofanya alipogundua.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka zamani zile. Sabuni ilikuwa ya foleni, na mtu aliyekwenda Marekani tulisema amekwenda Ulaya, maana Ulaya ilikuwa kokote kunakopandiwa ndege. Kanisa letu lilimpeleka baba kusomea ualimu katika chuo kidogo nje kidogo ya Columbus. Chuo chenyewe kilishafungwa, na ukielekea Reynoldsburg utapita pale uone maghala bila kujua kwamba palikuwa na uwanja. Sisi tulimfuata baba baada ya mwaka: mama, mimi, na masanduku mawili yenye unga ambao ulitumwagikia uwanja wa ndege.

Wiki ya kwanza baba alituonyesha gazeti la chuo. Kulikuwa na picha ya mwanamume mfupi, mnene wa shingo, mwenye filimbi.

"Huyu ndiye mtu anayejulikana kuliko wote hapa," baba akasema. "Ni mwalimu mkuu wa mpira."

Baba alitafsiri vizuri tu. Kwetu anayefundisha timu ni mwalimu, na aliye juu ya walimu ni mkuu. Shida ilikuwa mama, ambaye hana subira na majina marefu. Kesho yake akakata mkia, akabaki na "Mwalimu Mkuu." Nami nikachukua jina kama nilivyolipokea. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa baba.

Ushahidi ulikuwa tele. Alikuwa na filimbi kama mwalimu mkuu wetu wa Moshi. Alitembea mikono nyuma. Wanaume wenye kimo mara mbili yangu walisimama wima alipopita. Siku moja nilimwona mkuu halisi wa chuo, mzee mwenye tai, akimshikia mlango. Nikamhesabu yule mzee kuwa bawabu. Na nyumbani baba alikuwa akirudi na karatasi zake zimechorwa wino mwekundu, akikaa mezani akisema, "Hawa walimu wakikataa sura hii ya tasnifu, Krismasi tutakula Moshi." Kwa Mchaga yeyote hiyo ingekuwa habari njema. Kwa baba ilikuwa aibu ya ukoo mzima, nami nililala nikiomba Mwalimu Mkuu asikasirike.

Mama alipopata kibali cha kazi, alipata kazi ya kufua jezi za timu.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya jengo la michezo, chenye mvuke na joto zuri, mashine mbili kubwa na sinki la zege. Mama hakuziamini mashine. "Zinazungusha tu," alisema, "hazifui." Aligundua dukani miche ya sabuni ya kahawia, akaishangaa kwa kuikuta imekaa tu rafuni bila foleni, na kila jezi aliisugua shingo na viwiko kwa mkono kabla ya kuitia kwenye mashine. Mimi nikitoka shule nilikaa juu ya kapu la taulo nikifanya hesabu, na mtu akija nilikuwa mdomo wa mama. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno arobaini, thelathini yake yakiwa vyakula.

Jezi zilikuja Jumapili mchana ndani ya mifuko, zikinuka jasho na majani. Mama alikubaliana na Mungu kuhusu kufanya kazi siku hiyo: Yesu aliruhusu kumtoa ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na hizi jezi, alisema, zimetumbukia. Alizitenga mafungu matatu kabla hajagusa maji. Fungu la majani mgongoni, fungu la majani kifuani, na fungu dogo la zilizorudi safi.

Jumapili moja saa kumi Mwalimu Mkuu aliingia kutafuta kofia yake, akayakuta mafungu. Akasimama.

"Mwulize mama yako kwa nini amezipanga hivi."

Nikauliza. Mama akajibu bila kugeuka. "Mwambie za mgongoni zinataka kulowekwa. Anayeangushwa chali huburuzwa, majani yanaingia kwenye uzi. Za kifuani ni rahisi, huyo kaanguka mwenyewe akisukuma. Hizi nyingine hazina kazi."

Nikamfasiria yote. Yule mtu akayasogelea mafungu. Alichuchumaa, akageuza jezi moja moja akitazama namba, kisha akatoa kijidaftari mfukoni. "Zilizorudi safi ni za akina nani? Anitajie."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili saa kumi. Hakuwahi kukosa. Alikuwa na wasaidizi, alikuwa na filamu za mechi, na bado alisimama mbele ya mwanamke mwenye mikono ya mapovu na kuandika anachoambiwa. Mama alimtajia kama shahidi mahakamani. "Namba ishirini na mbili, chali mara tatu. Namba themanini, hana hata jani. Mimi nasema kilichopo kwenye kitambaa, ya uwanjani sijui."

Sasa nielezeeni, nyinyi mliosimama mstarini asubuhi na kucha mbele, shati likikaguliwa kola, mlio na ndugu waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya doa la muhogo: mtoto wa miaka tisa angeelewaje? Mwalimu Mkuu mwenye filimbi anakuja siku maalumu, anakagua nguo, anaandika majina ya walio safi. Nilielewa kama mngeelewa. Ile ilikuwa orodha ya wanafunzi bora.

Na rafiki yangu hakuwemo kamwe.

Aliitwa Calvin. Mama, Mlutheri wa kuzaliwa, alisita kidogo kwa jina hilo la mwasisi wa dhehebu jingine, kisha akamsamehe, kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu. Alikuwa mkubwa kama mlango wa kabati, namba sitini na moja, mmoja wa wale wanaojipanga mbele kuwazuia wengine wasimfikie mwenye mpira. Alishuka chumba cha kufulia kuota moto, akala maandazi ya mama, akaniita Bosi.

"Bosi, bibi yangu anakuja," aliniambia vuli ilipokuwa inakwisha. "Mechi ya mwisho tunacheza Louisville, kwetu nilikolelewa. Hajawahi kuniona nikicheza, hata siku moja. Jumamosi zote anapika jikoni hospitalini. Safari hii ameomba ruhusa, na kofia ameshanunua."

"Kofia ya nini?"

"Ya kunitazama. Unadhani bibi yangu atatoka nyumbani kichwa wazi?"

Bibi huyo ndiye aliyemlea. Calvin alipomtaja alishusha sauti, mtu mzima yule, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa na bibi Moshi, nikaelewa. Na kila Jumapili nilitazama jezi yake, nyeusi kifuani kama jembe, nikaona haya kwa niaba yake. Angekwenda mbele ya bibi yake akiwa hayumo kwenye orodha.

Kabla ya Louisville walikwenda Buffalo. Nimetembea Buffalo mara nyingi tangu hapo na sijawahi kupata hali ya hewa ya kulinganisha na mvua waliyoipata. Mvua ilichanganyika na theluji, uwanja ukageuka tope la kufinyangia. Wachezaji walisema hata wao hawakujua wanamsukuma nani. Kamera ya filamu iliganda kioo. Mwalimu Mkuu, akiwa ukingoni, aliona migongo ya kahawia tu, yote ikiwa haina namba.

Mifuko ililetwa Jumapili saa saba. Mama alikuwa na mazoezi ya kwaya, akanitanguliza nipokee. Nikabaki peke yangu na mifuko minne ya tope la Buffalo, na saa tatu nzima kabla ya ukaguzi.

Niliitafuta namba sitini na moja mpaka chini kabisa. Nikapanda kigoda, nikafungulia maji. Kama kuna jambo moja nililolijua maishani, hata kabla ya kujua kusoma, ni kufua kwa mkono. Nilisugua sabuni, nikafikicha, nikasuuza, maji yakatoka chai ya rangi, kisha chai ya maziwa, kisha maji. Nikaitia kwenye mashine ya kukaushia. Ilipotoka nilikaa juu yake ipoe, nikairudisha mfukoni katikati ya wenzake wachafu, mbali kidogo isipakwe. Sikumbuki kujivunia kitu kama vile mpaka nilipopata shahada, na shahada sikuifikicha.

Mama akaja, akatenga mafungu. Fungu la tatu likawa na jezi moja tu.

"Mh," akasema. "Kalvini leo alibaki kwenye basi?"

Nikainamia hesabu zangu.

Saa kumi Mwalimu Mkuu aliingia, macho mekundu kwa usingizi. Mama alitaja wote chali, wote kifua, kisha akaigusa ile moja ya fungu la tatu. "Mwambie namba sitini na moja karudi safi."

Nilifasiri kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi. Yule mtu aliichukua jezi, akaigeuza nyuma na mbele. Wiki mbili nyuma Calvin alikuwa ameumia bega, na kila alipoulizwa alisema haliumi. Hilo sikulijua. Nilichoona ni Mwalimu Mkuu akiandika namba ile polepole, na kuipigia mstari chini. Mara mbili! Nikadhani rafiki yangu amekuwa wa kwanza.

Jumatatu Calvin alishuka na kuketi kwenye ngazi. Hakugusa andazi.

"Bosi, siendi Louisville. Yaani nitakwenda, nitakaa benchi. Anasema nilikuwa najificha. Nikamwambia, Kocha, nilikula tope mpaka tumboni! Akasema jezi yako ilirudi safi." Aliitazama mikono yake. "Namwambiaje bibi? Kofia ameshanunua."

Ubaridi uliniingia miguuni hata leo nikiukumbuka navaa soksi. Katika dakika moja nilielewa orodha ile ni ya nini, nani ameiharibu, na nini kinatakiwa. Ilitakiwa nimwendee Mwalimu Mkuu, nimwambie nimemdanganya. Na Mwalimu Mkuu akikasirika, baba anarudishwa. Jioni ile baba alikuja na sura ya nne ikiwa nyekundu kama imechinjiwa kuku, akala ugali wake bila mboga, hakuona. Nilimtazama nikajua kwamba nimebeba watu wawili wazima na mikono inatosha mmoja.

Ningependa kuwaambia nilichagua haki. Nilichagua kofia. Nilimwona bibi yule ameketi, kofia mpya kichwani, akitafuta mjukuu uwanjani na kumkosa, na hilo sikuliweza.

Jumanne baada ya shule nilibisha mlango wa ofisi yake. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa Kiingereza cha miezi minne.

"Rudia," akasema. "Polepole."

Nikarudia. Akaegemea mbele. "Uliifua wewe? Kwa mikono? Tope lile?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alinitazama jinsi nilivyo, kimo cha meza yake. Ninajua watu wazima wengi, wengine wana vyeo, ambao hapo wangeniamini kwa kuwa nalia, au wangenifukuza kwa kuwa ni mtoto na Calvin ni rafiki yangu. Yule mtu alisimama. "Nifuate."

Tulishuka kwa mama, aliyekuwa akikunja taulo. Mwalimu Mkuu akapekua mfuko wa jezi za mazoezi, akachagua iliyo chafu kuliko zote, akaiweka kwenye sinki. Akavuta kigoda kwa mguu. Kisha akavua shingoni ile saa ya kuhesabia sekunde anayowapimia wakimbiaji.

"Fua," akasema, akabonyeza.

"Tumaini," mama akauliza, "umefanya nini?"

Nikamweleza kwa Kiswahili huku nafikicha. Mama aliketi juu ya kapu. Hakupiga kelele, na mama yangu ni mtu wa kelele. "Umenifanya nimseme mtoto wa watu uongo," akasema. "Mimi. Kwa mdomo wangu." Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyopata kuambiwa, na alikuwa anaongea taratibu. Baada ya muda akanyanyuka. "Mwambie asimamishe hiyo saa. Unafikicha vibaya kwa sababu unalia. Penga kamasi, anza upya."

Nikamfasiria, pamoja na kamasi. Akairudisha saa sifuri. Nikaanza upya.

Nilipomaliza aliinua jezi ile kwenye taa, akatazama kola, akatazama uzi wa namba, akainusa. "Dakika kumi na tisa," akasema, kama anayemsifu mkimbiaji. "Kwa nini ulifanya?"

"Ili awe kwenye orodha ya wasafi."

"Na ulidhani hiyo orodha ni ya nini?"

"Ya wanafunzi bora." Kisha yaliyobaki yakatoka yenyewe. "Tafadhali usimrudishe baba."

"Nimrudishe wapi?"

"Tanzania. Wewe ndiye mwalimu mkuu."

Ilichukua muda kumweleza. Alipoelewa aliketi kwenye kigoda changu, maji yakamlowesha suruali. "Mtoto, mimi nimeomba taa moja ya uwanja itengenezwe tangu mwaka juzi. Sina uwezo wa kumrudisha mtu hata bwenini."

Baba alipoelezwa jioni ile alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa hajacheka tangu sura ya pili.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mazoezi, na niliyaona kupitia kidirisha cha chumba cha kufulia, kilichokuwa usawa wa viatu vyao. Yule mtu aliwakusanya wote. "Jumapili niliuliza mtu sahihi, nikapewa jibu sahihi, nikalisoma vibaya," akasema. "Kosa ni langu. Calvin, utacheza." Basi. Hakunitaja, hakumtaja mama, hakusema amepotoshwa. Akapuliza filimbi, wakaanza kukimbia.

Calvin akashuka baadaye, akala maandazi manne. "Bosi," akaniambia, "umenifua mpaka benchi! Siku nyingine niache na uchafu wangu."

Nimewahi kuwa mkuu wa idara mwenyewe, watu kumi na wawili na mashine moja ya kunakili, na nilisoma vitabu vya uongozi kwa kalamu ya rangi mkononi. Miaka yote minne sikuwahi kumwuliza mwanamke aliyefagia ofisi zetu kitu chochote isipokuwa funguo. Naye alijua nani analala ofisini na nani hafungui vitabu anavyovipanga. Nilipokosea, na nilikosea, ilinichukua mihula kukiri, tena kwa barua. Kocha yule alikosea Jumapili, akajua Jumanne, na kabla jua halijazama siku hiyohiyo alikuwa ameshapima, ameshakiri, ameshageuza. Kuchora mbinu walijua wote. Wapinzani wake nao walikuwa na filimbi. Sijui mwingine aliyekwenda kuutafuta ukweli chini ya jengo, kwa mtu asiyejua hata sheria za mchezo, kisha akauheshimu hata ulipokuja kumwaibisha.

Kule Louisville vijana wetu walifungwa. Tulisikiliza kwenye redio ya wanafunzi, na mimi niliyefasiri sikuelewa chochote isipokuwa namba sitini na moja, iliyotajwa mara tisa. Jumapili mifuko ikaja, mama akatenga mafungu, na saa kumi yule mtu akaingia na kijidaftari.

"Sitini na moja?"

Mama hakunisubiri. "Chafu," alisema kwa Kiingereza chake. "Chafu sana."

Ilikuwa chafu kweli, kifua chote majani. Lakini begani, upande wa lile bega bovu, kulikuwa na doa jingine, la hudhurungi, limesambaa kiasi cha kiganja, na pembeni yake mstari mwekundu. Mwalimu Mkuu akaliwekea kidole. "Na hili?"

Mama alilinusa. "Mwambie hili si la uwanjani. Hii ni poda ya mwanamke mtu mzima, na rangi ya mdomo. Kamkumbatia kwa nguvu, tena alikuwa analia. Poda kavu haishiki hivi."

Nikafasiri. Yule mtu alisimama pale na jezi mkononi, hakuandika. Kisha akasema hii isifuliwe, iachwe hivyohivyo, apewe Calvin aitunze.

Nikamwambia mama. Mama akainyoosha mikono, akamchomoa jezi vidoleni.

"Mwambie yeye ni mwalimu wa mpira," akasema. "Mimi ndiye mfuaji. Nguo haitoki humu ndani ikiwa chafu. Bibi anaye, mzima, na poda anayo. Akitaka atampaka nyingine."

Wiki zote zile nilikuwa nikimlainishia mama maneno, nikitia tafadhali pale alipoiacha, na samahani pale ambapo hakuifikiria. Siku hiyo nilifasiri neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza.

Mwalimu Mkuu alirudisha kijidaftari mfukoni. Kisha akasogea pembeni, mama afike kwenye maji.